Nyumba Kubwa, Vyumba Viwili vya Uani

Jumamosi asubuhi, katika mitaa mingi ya Dar es Salaam, jua halijakolea unasikia guta likipita na kipaza sauti kimefungwa kwenye usukani. Sauti iliyorekodiwa inarudia maneno yale yale: tunanunua friji mbovu, feni mbovu, redio mbovu, pasi mbovu, betri mbovu, vyuma chakavu. Mama anatoka na sufuria lililotoboka, kijana analitundika kwenye mizani, anataja bei, wanapatana, guta linaendelea. Biashara hii imezipunguzia nyumba zetu mzigo mkubwa. Lakini kijana yule hana la kufanya na kofia aliyoiacha marehemu, doti ya kanga ya mwaka wa ndoa, kaseti yenye sauti ya kaka aliyefia ughaibuni, wala shajara ya mwalimu wa darasa la tatu. Hivyo ndivyo vinavyozijaza nyumba, na wakati wa kuvishughulikia umefika kwa familia nyingi kwa pamoja.

Kizazi kilichoanza ajira miaka ya 1970 kimeshastaafu chote. Wengi walijenga polepole, msingi mwaka huu, kuta miaka miwili baadaye, bati likipatikana, na walijenga vyumba vinne au vitano kwa sababu watoto walikuwa wengi na ndugu wa kijijini walikuja kusoma. Leo watoto wametawanyika. Mmoja yuko Dodoma, ambako serikali ilianza kuhamishia watumishi wake mwaka 2016, mwingine Mwanza, mwingine Muscat. Mstaafu amebaki na korido ndefu na magoti yanayouma. Njia inayochaguliwa na wengi mjini inajulikana: nyumba kubwa inapangishwa, mwenyewe anahamia vyumba vya uani, vile vilivyojengwa zamani kwa ajili ya vijana wa kiume au mpangaji mdogo. Kodi inaongezea pensheni. Hesabu hiyo haina tatizo mpaka ifike siku ya kuhamisha vitu.

Shangazi yangu, mwalimu wa shule ya msingi aliyestaafu na mjane wa miaka mingi, alichagua njia hiyo. Nilikwenda nikidhani naitwa kubeba. Kubeba kulikuwa sehemu ndogo kabisa ya kazi. Naandika kwa ruhusa yake, maana familia nyingi zitaipita njia hii, na nyingi zitaipita vibaya: ndani ya wiki ya matanga, watoto wakiwa na tiketi za kurudi makwao, funguo za makabati zikigombewa na watu ambao hawajui kilichomo. Ninaamini kabisa kwamba kupunguza vitu ni kazi ya mwenye vitu, tena aifanye akiwa bado na nguvu ya kusimama mbele ya kabati na sauti ya kusema hiki kilitoka wapi.

Makopo ya miaka ya foleni

Tulianza na stoo, kwa kuwa ndiyo iliyoonekana rahisi. Makopo ya Kimbo na Blue Band yalikuwa yameoshwa na kupangwa kwa ukubwa. Kulikuwa na chupa za kila umbo, ndoo zilizopasuka zikazibwa kwa plastiki ya moto, kamba za katani, vipande vya sabuni vilivyokauka mpaka vikapasuka, na kifurushi cha mifuko ya plastiki ya aina ambayo Tanzania iliipiga marufuku Juni 2019. Binamu yangu wa mwisho, aliyezaliwa maduka yakiwa yamejaa bidhaa, alileta viroba akaanza kujaza. Mama yake akamwambia aviweke chini kwanza.

Anayetaka kumwelewa mama huyo lazima arudi nyuma. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakavamia Kagera, na vita vilivyofuata vikala akiba ya nchi wakati ule ule bei ya mafuta duniani ilipokuwa inapanda. Mwalimu Nyerere aliwaomba wananchi wafunge mkanda kwa miezi 18, na mkanda ukakaa umefungwa kwa miaka. Sukari, sabuni, unga, betri na viberiti vikawa vitu vya foleni na vibali. Shangazi anasimulia alivyoacha jiwe kwenye foleni ya duka la ushirika limshikie nafasi, akaenda kufundisha vipindi viwili, akarudi na kukuta mawe yamesogea kwa mpangilio ule ule. Katika nyumba ya wakati huo, kopo lilikuwa kikombe, kipimo cha mchele, taa ya mafuta na chungu cha mche wa mchungwa.

Kisha ikaja 1983. Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, serikali iliendesha msako dhidi ya wahujumu uchumi, na bidhaa zilizofichwa zikatafutwa madukani na majumbani. Kwa hofu ya kukamatwa, watu walitoa katoni za sabuni na magunia ya sukari usiku wakavitupa vichakani na baharini, wakati nchi nzima haina sabuni wala sukari. Sijui taifa jingine ambalo raia wake walilazimika kuogopa kukosa na kuogopa kukutwa nacho ndani ya mwaka mmoja. Bajeti ya 1984 ndiyo iliyofungua mlango kidogo: wenye fedha za kigeni wakaruhusiwa kuagiza bidhaa bila kuulizwa walizipataje, maduka yakaanza kupata rangi, na mitumba ikarudi kuuzwa hadharani.

Sasa mtu aliyepita humo, akawaoshea watoto wake nepi kwa majivu ya mgomba, hawezi kuambiwa na kijana kwamba kopo ni takataka. Kilichosaidia ni kukitafutia kila kitu mtu wa kukitumia. Makopo yalikwenda kwa jirani anayeotesha miche ya mipapai na michikichi. Chupa zilichukuliwa na mama anayeuza asali na mafuta ya nazi. Kamba zilipata mwenye mbuzi. Shangazi aliyatoa yote kwa moyo mweupe ndani ya asubuhi moja, kwa sababu hakuna hata kimoja kilichotupwa. Uzito wa watu wa rika lake uko hapo: kuona kitu kizima kinakwenda jalalani kunawaumiza, na mimi sioni kwamba wamekosea.

Vyombo vya wageni

Kabati la vyombo ni habari nyingine. Katika sebule ya Mswahili kabati lile lenye vioo limeshika nafasi ya heshima kwa muda mrefu, na mila yenyewe ni ya kale kuliko kabati. Nyumba za mawe za Lamu za karne ya 18 zilijengwa na zidaka ukutani, safu juu ya safu, na humo zikawekwa sahani na bakuli za kaure kutoka China ili mgeni aone amefika kwa watu. Shangazi hana zidaka, ana kabati la mninga lililotengenezwa Keko. Lakini ndani mlikuwa na imani ile ile: vikombe vyenye ukingo wa dhahabu ambavyo havijawahi kuguswa na chai, bakuli za supu zenye vifuniko, sinia za shaba, glasi za rangi sita sita.

Juu ya hivyo vilikuwa vimerundikana vya kicheni pati. Kila mwanamke wa mjini anaujua utaratibu huu. Mnatozana michango kwa ajili ya binti wa mwenzenu, mnampelekea vyombo, na zamu ya binti yako ikifika wanakuletea vile vile. Michezo ya vyombo katika vikundi vya akina mama nayo inaongeza. Shangazi alikuwa na hotipoti tatu tatu za seti moja, chupa za chai zikiwa bado na karatasi zake, mabeseni ndani ya mabeseni. Hakununua hata robo ya vitu hivyo. Aliletewa, na kila kimoja kilikuwa na jina la aliyekileta. Ndiyo maana kilikuwa kigumu kutoka: kukitoa kulionekana ni kumkataa mtu.

Kuna jaribio maarufu lililofanywa na Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler na kuchapishwa mwaka 1990. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, waligawanywa. Nusu wakapewa vikombe vya kahawa, nusu hawakupewa. Walipoulizwa bei, waliopewa walitaka takribani mara mbili ya kiasi ambacho wenzao walikuwa tayari kulipa, ingawa vikombe vilikuwa mikononi mwao kwa dakika chache tu. Ikiwa dakika chache zinatosha kupandisha thamani ya kikombe namna hiyo, niambie kuhusu kikombe kilichokaa kabatini tangu ndoa ya binti wa kwanza, kikapanguswa vumbi kila Ijumaa, kikahamishwa na mwenye nyumba kutoka Tanga hadi Dar es Salaam kikiwa kimefungwa ndani ya kitenge. Watoto wanapopeleka vitu vya mama yao kwa dalali na kurudi na bei wanayoiona nzuri, na mama akanuna, hakuna aliyekuwa mjinga. Wanapima kwa mizani mbili.

Shangazi alitatua jambo la vyombo mwenyewe. Aliwaita wanawake wa kikundi chake, wale waliokuwa hai kati ya waliomletea, akawapikia pilau na kuwapakulia ndani ya vyombo vile vya wageni, kwa mara ya kwanza. Baada ya kula akamwambia kila mmoja achague kimoja aende nacho. Walipinga, wakacheka, wakalia kidogo, wakachagua. Vilivyobaki akavigawa kwa mabinti wawili wa mtaani waliokuwa wanakaribia kuolewa. Alijiachia sahani sita, vikombe sita, sinia moja kubwa. Vyote sasa anavitumia kila siku, pamoja na vile vyenye ukingo wa dhahabu.

Vitu vya marehemu

Ughaibuni shughuli hii ya kupunguza vitu imekuwa elimu yenye walimu wake. Marie Kondo wa Japani ameuza mamilioni ya vitabu na mwaka 2019 akapata kipindi chake Netflix. Anamtaka mtu akishike kitu mkononi, ajiulize kama kinampa furaha, na kama hakimpi akishukuru na kukiaga. Anapanga pia utaratibu: nguo kwanza, kisha vitabu, karatasi, vikorokoro, na vitu vya kumbukumbu mwisho kabisa, moyo ukiwa umeshapata mazoezi. Mwaka 2017 mwandishi Margareta Magnusson wa Sweden alitoa kitabu kuhusu desturi ya kwao ya mzee kusafisha nyumba yake kabla ya kufa ili asiwaachie wengine mzigo.

Utaratibu wa Kondo wa kuacha vitu vya kumbukumbu mwisho ulitufaa sana, na ningemshauri yeyote aufuate. Swali lake la furaha ndilo linaloshindwa kutimiza kazi katika nyumba nyingi ninazozijua. Shangazi ana kiblanketi cha mtoto wake wa kwanza, aliyefariki kwa surua kabla hajatimiza miaka miwili. Hakuna furaha ndani ya kiblanketi hicho. Amekitunza kwa sababu ya huzuni yenyewe, na kwa sababu mtoto yule hakuacha picha wala cheti. Hakuna kitu kingine duniani kinachothibitisha kwamba alikuwepo. Hatukukijadili. Kilihamia vyumba vya uani cha kwanza.

Nguo za mumewe ziligawiwa zamani, baada ya arobaini, kama ilivyo desturi yetu: kanzu kwa ndugu, mashati kwa wapwa, viatu kwa anayeenea. Familia nyingi za bara nazo zina siku ya kugawa nguo za marehemu kabla wafiwa hawajatawanyika, na mgawanyo unasimamiwa na wakubwa wa ukoo. Naiheshimu desturi hii kwa sababu inamtoa mjane kwenye upweke wa kuamua. Hapaswi kukaa peke yake usiku, akinusa shati. Watu wapo, siku imepangwa, na nguo zinarudi kuonekana mtaani zikiwa zimevaliwa na miili hai.

Kilichobaki kilikuwa kofia. Shangazi aliishona mwenyewe, kofia ya viua, wakati wa uchumba. Anayejua kazi hiyo anajua kila kitundu kinatobolewa na kuzungushiwa uzi kwa sindano ya mkono, na kofia moja huchukua miezi. Wajukuu wa kiume wapo wanne. Shangazi alitaka kumpa mkubwa, lakini aliwahi kumsikia ustadhi akieleza kwamba mzazi anapowapa watoto hiba akiwa hai anatakiwa kuwafanyia usawa, na akaanza kusita. Alikwenda kumuuliza tena. Jibu alilorudi nalo likatuongoza katika mambo mengi: anachotoa mtu akiwa mzima na timamu ni hiba na kinahama siku hiyo hiyo; anachousia kitoke baada ya kufa hakiwezi kuzidi theluthi ya mali, na kwa mrithi kinahitaji ridhaa ya warithi wengine; kinachobaki kinaingia kwenye mafungu ya mirathi. Kwa watu wa dini na mila nyingine sheria ni nyingine, na wosia wa maandishi unaweza kuhifadhiwa kwa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA), lakini busara ya kutoa mapema mbele ya wote haina mipaka ya dini.

Aliwaita wanawe wote, aliye mbali akiwa kwenye simu ya video. Kila mmoja alitaja kitu kimoja anachokitaka na sababu yake. Nilijifunza mengi katika kikao hicho. Mtoto wa pili, mfanyabiashara tuliyedhani atataka sanduku la shaba, aliomba kinu na mchi kwa kuwa mlio wake ndio uliokuwa unamwamsha Ramadhani. Kofia ilichukuliwa na mwanawe anayeishi Muscat, ambaye hakupata kumzika baba yake. Wengine wote walinyamaza, wakakubali.

Kanga zilikuwa na njia yake, na nilifurahi kuona jinsi utamaduni wetu ulivyokwisha kulitatua jambo ambalo vitabu vya wageni vinahangaika nalo. Kanga haiachwi ghafla. Inaanza ikiwa doti mpya, inakatwa, inapindwa, inavaliwa harusini. Ikichuja inakuwa ya nyumbani na jikoni. Ikilainika inakuwa mbeleko, kisha nepi, na mwisho dekio. Mtu anaagana nayo kwa miaka. Shida iko kwa zile zisizokatwa, zilizolala sandukuni na udi, zawadi za misiba na harusi, nyingine za Urafiki, kiwanda kilichofunguliwa Ubungo mwaka 1968, zenye maandishi ambayo vijana wanayasoma mara mbili ndipo wacheke. Hizo zilikatwa. Kila binti na kila mkwe alipewa upande mmoja, na upande wa pili ukaenda kwa mwingine, ili watu wawili wawe na kanga ya jina moja. Kisutu chake cha harusi alibaki nacho.

Karatasi, picha na sauti

Kwenye karatasi sikumsukuma hata kidogo, kwa sababu mwaka 2017 alionekana kuwa sahihi kuliko sisi sote. Ule ndio mwaka wa uhakiki wa vyeti, watumishi 9,932 walipotajwa kuwa na vyeti vya kughushi na kuondolewa kazini. Nchi nzima ilipekua masanduku kutafuta vyeti vya kidato cha nne. Cha binti yake kilikuwa chini ya godoro la mama, ndani ya bahasha ya kaki. Mstaafu naye hudaiwa barua ya ajira ya kwanza na barua ya kuthibitishwa kazini, nyaraka za miaka zaidi ya thelathini nyuma. Kwa hiyo vyeti, hati ya kiwanja, stakabadhi za pango la ardhi, barua za kazi, cheti cha ndoa na cha kifo viliwekwa kwenye jalada moja la plastiki lisilopitisha maji, na nakala zikapigwa picha na kutumwa kwa watoto wawili. Tulichoma bili za umeme za kabla ya LUKU, kadi za mialiko ya watu tusiowakumbuka, na madaftari matupu yaliyoliwa na mchwa.

Shajara zake za kazi na barua za wizara za miaka ya elimu ya watu wazima nilimsihi asizichome. Karatasi za mwalimu wa kawaida, zenye mahudhurio, maazimio ya kazi na malalamiko ya chaki, ni historia ya nchi. Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ipo, Zanzibar ina hifadhi yake ya nyaraka pale Kilimani, na maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina mkusanyiko maalumu wa Afrika Mashariki. Mwenye boksi la namna hiyo awaulize kabla ya kuwasha kiberiti. Si kila kitu watakichukua, lakini walio na ujuzi wa kuchagua ni wao.

Picha zilichukua muda mrefu kuliko vyote na sijutii. Zilikuwa za studio, zenye mapazia yaliyochorwa mitende na ndege, watu wamesimama wima na saa ya mkono ikionyeshwa makusudi. Pwani ina urithi mkubwa wa picha hizi. Capital Art Studio ya Ranchhod Oza ilifunguliwa Mji Mkongwe mwaka 1930. Lakini picha isiyo na jina nyuma hufa pamoja na mtu wa mwisho anayemtambua aliyemo. Tulikaa jioni kwa jioni, simu ikirekodi, shangazi akitaja: huyu mtoto wa mama mkubwa, huyu alikuwa karani wa bandari, huyu simjui, huyu usiandike. Majina yaliandikwa nyuma kwa penseli laini, kwani kalamu ya wino hupenya. Albamu zenye kurasa za gundi ndizo adui mkubwa, hasa kwa joto na unyevu wa mjini hapa. Picha hung'ang'ania, na ukiivuta unachana uso wa mtu. Zilizokataa kutoka tulizipiga picha pale pale.

Kupiga picha kunasaidia na vitu vingine pia. Watafiti wa Marekani walifanya kampeni katika mabweni ya Chuo Kikuu cha Penn State wakiwahimiza wanafunzi kupiga picha vitu wanavyovipenda kabla ya kuvitoa sadaka, na utafiti wao, uliochapishwa mwaka 2017, ulionyesha kwamba michango iliongezeka kwa takribani asilimia 15 kuliko walipoambiwa watoe tu. Kwa shangazi iliwezekana kwa makochi, kwa pazia, kwa redio ya National iliyowahi kuukusanya mtaa mzima barazani. Haikuwezekana kwa kiblanketi, na sikutaka hata kujaribu.

Kaseti ndizo zilizonitisha, kwa sababu muda wake unakwisha. Familia zilizokuwa na ndugu Uarabuni, hasa baada ya Wazanzibari wengi kuhamia Oman kuanzia 1970, zilipelekeana barua za sauti. Mtu anakaa na redio kaseti huko Muscat, anasalimia ukoo mzima jina kwa jina, anatoa habari, anakohoa, mtoto analia nyuma, upande wa kwanza unakwisha anageuza. Shangazi alikuwa na kaseti hizo ndani ya boksi la biskuti, za kaka yake ambaye sasa ni marehemu. Baadhi zilikuwa zimeshika ukungu, moja mkanda ulikatika tulipoijaribu. Fundi wa Kariakoo aliunga na kunakili zilizopona kwenye flashi. Aliye na kaseti ya namna hiyo asingoje nyumba ihamishwe. Aipeleke mwezi huu, wakati mafundi wenye mashine nzima na subira ya kazi hiyo bado wapo.

Yaliyobaki

Samani ziliondoka kwa haraka na kwa bei ya kusikitisha. Vitanda vya mninga vyenye uzito wa kubebwa na wanaume wanne havitakiwi na vijana wanaopanga chumba na sebule ghorofa ya tatu. Dalali alisema ukweli huo bila kumumunya. Kabati la vyombo lilikwenda madrasa ya jirani na kuwekwa misahafu na vitabu. Wabebaji walilazimika kung'oa fremu ya mlango. Vitambaa vya kufuma vya makochi, kazi ya mikono yake na ya wanafunzi wake wa sayansi kimu, shangazi aliviosha, akavipiga pasi na kumfungia kila mwanafunzi wa zamani aliyekuja kumjulia hali.

Ikabaki cherehani. Singer ya miguu, nyeusi, aliyoinunua kwa mkopo wa kazini na kuwasomeshea watoto kwa kushona sare usiku. Mabinti wote wawili waliitaka. Hakuna kati yao anayeshona. Mmoja alipanga kuiweka sebuleni na maua juu yake. Shangazi aliwasikiliza, akaomba muda, kisha akampa binti wa jirani anayejifunza ufundi, kwa sharti kwamba kila Januari atawashonea vitukuu vyake sare bila malipo mpaka yeye mwenyewe atakapomwambia basi. Binti mkubwa hakuridhika na hakuficha. Alipanda treni kutoka Dodoma, akafika jioni, wakakaa uani kwenye mkeka na kulizungumza. Alisema kitu cha ukoo hakitolewi nje ya ukoo. Mama yake akamtajia sababu zake moja baada ya nyingine, na binti akazipinga mbili.